Kwa nini tunapiga picha macho yote mawili, na kwa nini tunakuita tena

"Jicho lililouma ni la kulia, mbona mmenitoza na la kushoto? Na mbona naitwa tena ilhali sasa naona vizuri?" Lawama hii haiishi. Juzi mama mmoja alitamka wazi kwamba tunamkamua. Imetuuma, kwa hiyo tunaeleza.

Neva ya jicho, yaani ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, ikipata uvimbe, mara nyingi picha ya OCT (kipimo cha mwanga kinachoonyesha matabaka ya nyuma ya jicho) ya siku za mwanzo huonyesha tabaka la nyuzi za neva likiwa nene kuliko kawaida. Uvimbe unapopungua, nyuzi zilizoumia nazo zinakufa. Namba ya unene inashuka, tuseme kutoka mikroni 140 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), inapita 95, inaendelea hadi 70. Ukipimwa ikiwa 95, mashine inakupaka rangi ya kijani kama mtu mzima wa afya. Mteja anafurahi, anaondoka, harudi. Kumbe namba ilikuwa safarini. Upungufu wa tabaka hilo hutulia baada ya miezi 3 hadi 6 hivi, ndiyo maana tunakuita, hata kama uwezo wa kuona umerudi. Tunasoma pia tabaka la seli za ganglioni, yaani seli zinazotoa nyuzi hizo za neva, kwa kuwa lenyewe halifichwi sana na uvimbe na huanza kuonyesha hasara mapema zaidi.

Na jicho lisilouma, kwa nini tunalipima? Watu hawafanani, wako wenye neva nyembamba tangu kuzaliwa. Kipimo cha haki kwako ni jicho lako la pili. Tofauti ya mikroni 5 tu kati ya macho mawili tunaiandikia daktari.

Sasa njia ya mkato. Kijana mmoja alipima kwetu mara ya kwanza, mara ya pili akaenda penye bei nafuu, kisha akatuletea picha ya majibu kwenye simu. Namba zilikuwa zimeshuka, akaogopa kwamba ugonjwa umerudi. Lakini mashine za kampuni mbili hupima mipaka ya tabaka kwa namna tofauti, kwa hiyo namba zake hazilinganishiki. Ilibidi tumpime upya kwa mashine ile ile ya awali. Neva ilikuwa palepale. Alilipa mara mbili na hofu juu.

Bei yetu ina kazi ndani yake. Jicho kavu huharibu picha, hivyo tunaweka machozi ya bandia na kusubiri. Picha ambayo mashine imeipa alama ya ubora chini ya 7 kati ya 10 tunairudia bila malipo.

Ila picha haitibu. Jicho likiuma unapolizungusha, rangi nyekundu ikafifia, kuona kukapungua, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, usingoje nafasi kwetu. Wala usijinunulie vidonge vya prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe: utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 1992 ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya aina hiyo peke yake, kwa dozi ya kawaida, walirudiwa na uvimbe zaidi ya wengine.

Ukija, leta faili halisi za vipimo vya zamani pamoja na jina la mashine.