Oili ya injini si dawa ya shokapu za mbele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa pikipiki tunakutana nalo kila siku na hatulisemi hadharani. Pikipiki nyingi za bodaboda zinazofika gereji zikiwa na matatizo ya mbele hukutwa na oili ya injini namba 40 ndani ya shokapu, na nyingine huwa na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini na kuhamishiwa huko kana kwamba shokapu ni mahali pa kutupia masalia. Mwenye pikipiki huambiwa kwamba ametiliwa oili nzito ili shokapu ziwe ngumu, naye hulipa na kuondoka akiwa ameridhika.

Ugumu wa shokapu hautokani na oili. Uzito wa pikipiki, dereva na abiria hubebwa na springi. Kazi ya oili ni kuidhibiti springi hiyo isibanwe wala isirudi kwa kasi kupita kiasi, nayo huifanya kwa kulazimishwa kupita kwenye matundu madogo yaliyo ndani ya mguu wa shokapu. Oili ikiwa nyepesi mno, pua ya pikipiki huzama ghafla dereva anapofunga breki, na baada ya tuta mbele huendelea kudunda. Ikiwa nzito mno, hushindwa kupita kwenye matundu kwa wakati, na hapo ndipo mteja wetu aliyeridhika huanza kupata taabu. Kwenye lami tambarare hataona kasoro yoyote, lakini akifika kwenye rasta au kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, shokapu hubanwa na wimbi la kwanza, na kabla haijarudi hukutana na la pili, kisha la tatu, mpaka inakaa chini muda wote na tairi la mbele linaruka badala ya kushika barabara. Usukani hutetemeka, mikono hufa ganzi, na breki ya mbele hukosa nguvu kwa sababu tairi lisilogusa ardhi halisimamishi chombo. Na baada ya yote hayo, oili nzito haipunguzi kina ambacho pua huzamia mtu akishikilia breki. Hukichelewesha tu, kwa kuwa kina hicho huamuliwa na springi.

Pikipiki zinazotumika zaidi katika biashara hii, kama Boxer na TVS HLX, hazina skrubu ya kurekebishia shokapu za mbele. Kwa hiyo uchaguzi wa oili na kiasi chake ndiyo marekebisho pekee yanayowezekana bila kubadilisha springi, na kwa sababu hiyo hasa unastahili umakini kuliko unaopewa sasa.

Tatizo la kwanza ni namba za kwenye makopo. Oili za shokapu huuzwa kwa majina kama 5W, 10W, 15W na 20W, na wengi wetu huamini kwamba 10W ni 10W popote. Sivyo. Vipimo hivyo vya W viliwekwa kwa ajili ya oili za injini, na kwa upande wa shokapu kila kiwanda huzitumia namba hizo kwa namna yake, hata 10W ya kampuni moja ikawa karibu sawa na 15W ya nyingine. Kipimo cha kuaminika ni mnato wa oili, yaani uzito wake inapotiririka, ikiwa na joto la nyuzi 40, ambao huhesabiwa kwa sentistoki na huandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kiwanda. Oili ya haidroliki ya daraja la ISO VG 32, kwa mfano, lazima iwe kati ya 28.8 na 35.2 katika joto hilo. Oili ya injini namba 40 kwa kawaida huzidi 100. Fundi anayeitia kwenye shokapu iliyoundwa kwa oili yenye mnato wa 32 au karibu na hapo ameuzidisha zaidi ya mara tatu, halafu anashangaa mteja akirudi kulalamika maumivu ya viganja.

Natambua kwamba oili halisi ya shokapu ni adimu katika maduka mengi ya spea ya mikoani. Inapokosekana, mafuta ya giaboksi ya otomatiki yana mnato unaokaribia kazi hiyo, na miongozo ya baadhi ya pikipiki za Honda za miaka ya 1970 na 1980 iliyataja waziwazi kwa shokapu za mbele. Ningeyatumia hayo mara kumi kabla ya kufikiria oili ya injini. Oili chafu haina utetezi wowote: ina masizi na chembe za chuma zinazokwangua ndani ya mguu wa shokapu.

Kiasi nacho kina uzito wake. Hewa iliyobaki juu ya oili hufanya kazi kama springi ya pili shokapu inapokaribia mwisho wa safari yake, hivyo kuongeza oili kidogo huzuia kugonga chuma kwa chuma, lakini ukipitiliza, shinikizo husukuma sili, yaani mpira unaozuia oili isivuje, na oili yote huishia nje. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ya soda, kama nilivyoona kwa macho yangu, hakutoshi. Bomba la sindano kubwa la duka la dawa, lenye alama za mililita, linatosha kabisa kuhakikisha miguu yote miwili inapata kiasi sawa, kile kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kisha shokapu ipampiwe taratibu mpaka mapovu yaishe, ndipo ifungwe.

Ikumbukwe pia kwamba oili hainyooshi paipu iliyopinda katika ajali, wala haizibi sili iliyokatwa na kutu ya kwenye paipu. Kutia oili nzito ili isivuje ni kuahirisha matengenezo, na kwa pikipiki yenye breki ya diski mbele, oili inayotiririka hadi kwenye diski hiyo ni hatari ambayo abiria aliyekaa nyuma hana habari nayo.

Ombi langu kwa waagizaji na wauzaji wa vilainishi ni kwamba waandike mnato kwa nyuzi 40 kwenye kopo lenyewe, kwa herufi zinazosomeka, badala ya kutuachia namba ya W pekee. Shirika la Viwango Tanzania lingetusaidia sana kama lingelifanya hilo kuwa sharti. Na walete chupa za nusu lita: dereva wa bodaboda hatanunua lita nne ili atumie sehemu ndogo tu, na muuzaji akimkosesha kipimo kinachomfaa atarudi kwenye oili ya injini.

Fundi pikipiki,
Kihonda, Morogoro