Sola za plastiki msizifungie mlango, ujanja uko kwenye matabaka

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Dodoma. Mimi ni fundi wa sola, kazi zangu nyingi ziko vijijini huko Bahi na Chamwino. Naomba nafasi kidogo kwenye barua za wasomaji maana kila nikigusia sola za plastiki, hizi za polima, wenzangu kijiweni wananijibu achana nazo zile hazina nguvu. Zamani ilikuwa kweli. Siku hizi siyo kweli tena na inaniuma kuona mafundi tunarudia maneno ya miaka ya nyuma.

Nieleze shida yenyewe ilikuwa wapi. Kwenye silikoni mwanga ukipiga elektroni inachomoka inaenda zake, ila kwenye polima elektroni ikitoka inabaki imeng'ang'aniana na lile tundu ililoliacha, wanatembea pamoja kama nanomita 10 hivi halafu wanarudiana na mwanga wako umeishia kuwa joto bure. Unywele wa mtu una unene wa kama nanomita 80,000, hebu fikiria hiyo 10 ni kitu gani. Kwa hiyo ukipaka polima nene umeme unafia ndani, ukipaka nyembamba mwanga unapita tu haushikwi. Mwaka 1995 timu ya Alan Heeger kule Marekani (huyu ndiye alikuja kupata Nobeli ya kemia mwaka 2000 pamoja na wenzake wawili kwa kugundua plastiki inayopitisha umeme) wakachanganya polima na dutu inayovuta elektroni, zikaingiliana kama unga na maji, popote elektroni inapotokea, mpaka wa hizo dutu mbili uko jirani wa kuitenganisha na tundu lake. Ikasaidia sana lakini bado polima moja inakamata rangi zake tu za mwanga, zingine zinapita.

Hapo ndo matabaka yanapoingia. Mama zetu wakichekecha unga wa uwele wana chekeche la matundu makubwa na la matundu madogo, kilichopita la kwanza kinanaswa na la pili. Sola ya matabaka ni hivyo hivyo, seli ya juu inakula rangi zake, kilichopita kinaliwa na seli ya chini, na kwa vile zimeungwa siriezi, yaani moja nyuma ya nyingine, volti zinajumlishwa. Fundi yeyote ataniuliza vipi kuhusu ampea, na ni swali zuri, maana kwenye siriezi iliyo dhaifu ndo inaamua, kama vile paneli moja ikipata kivuli inavyowaangusha wenzake wote. Ndiyo maana unene wa kila tabaka lazima upimwe vizuri ili zote mbili zitoe ampea sawa.

Shida nyingine mchoraji wa magari anaijua, ukipaka koti ya pili yenye tina kali inaikwangua ya kwanza. Polima inapakwa ikiwa kimiminika, kwa hiyo ya juu ingeiyeyusha ya chini. Mwaka 2007 timu hiyo hiyo ya Heeger wakaweka katikati tabaka jembamba la oksaidi ya titani, likalinda la chini na wakati huo huo likaunganisha seli mbili, wakafika asilimia 6.5, yaani kiasi hicho cha nguvu ya mwanga kiligeuka umeme. Mwaka 2018 watafiti wa China kwa mpango huo wa matabaka wakafika asilimia 17.3. Ni kipande kidogo cha maabara, siyo paneli nzima, lakini zile za silikoni tunazofunga kila siku haziko mbali sana na hapo.

Kwa nini mimi nahangaika na hili? Nimeshabeba paneli ya kioo kwenye bodaboda barabara ya makorongo, tumefika kwa mteja, bibi mmoja aliyechanga hela kwa kuuza kuku, tunafungua boksi kioo kimepasuka chote. Bibi hakusema kitu, alikaa tu kwenye kigoda. Plastiki unaikunja kama mkeka unaiweka begani. Halafu kuna joto letu, paneli ya silikoni inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila digrii ikizidi 25, juu ya bati saa saba mchana ikifika 60 ile wati 100 uliyonunua inatoa kama 86, na hapo hujaweka vumbi.

Udhaifu wa polima ni kwamba haidumu sana, oksijeni, unyevu na miale mikali ya jua vinaila. Hapo ndo ombi langu lilipo. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko juu ya kilima, jua lote la nchi hii linawapiga wao, waweke vipande vya sola hizi juu ya paa kuanzia kiangazi mpaka masika, wapime kila wiki vinatoa wati ngapi, na nyie Mhariri mtuchapishie hizo namba kwenye gazeti kwa Kiswahili hiki hiki tunachoongea. Mafundi tuko tayari kupanda kufunga na kufuta vumbi, nauli tutajilipia.

Fundi sola, Dodoma