Mama, na huku nako wanamwagiana maji

Mama shkamoo, bibi shkamoo, na nyie wengine wote hapo nyumbani assalamu alaykum. Najua nimekaa kimya wiki mbili na voisi zenu zote nimezisikiliza, kunradhini, kazi ya kulea wazee haina ratiba na joto la mwezi wa saba limenishika vibaya. Nyie hapo Makunduchi saa hizi mnapigwa na kusi, usiku mnajifunika, huku Japani hakuna upepo, nguo haikauki na ukilala unaamka umelowa. Lakini leo sina zamu, nimekaa na jagi langu la chai ya shayiri ya baridi (ndo maji yao ya kiangazi, kila nyumba utaikuta kwenye friji), nataka niwaelezee ya tarehe 15.

Hapa Fukuoka kuna sherehe inaitwa Hakata Gion Yamakasa, inaanza tarehe 1 mwezi wa 7 inamalizika tarehe 15 kila mwaka. Mitaa ya zamani ya Hakata imegawika makundi saba, kila kundi lina jukwaa lake la mbao limepambwa masanamu, uzito wake kama tani moja hivi, na halina magurudumu mama, wanaume wanalibeba mabegani wanakimbia nalo kilomita 5, wanapokezana humohumo njiani bila kusimama. Na siku zote hizo za sherehe wabebaji hawali tango, eti ukilikata lile duara linafanana na alama ya hekalu lao la Kushida, kwa hiyo ni heshima. Siku ya mwisho wanatoka saa 10 na dakika 59 alfajiri. Nikauliza kwa nini isiwe saa 11 kamili, nikaambiwa ile dakika moja wamepewa kundi la kwanza, wao tu ndo wanasimama pale hekaluni wakaimba wimbo wa heri kabla ya kuondoka.

Miaka miwili yote nilikuwa naangalia nyuma ya watu na simu yangu juu. Mwaka huu mama yake mwenzangu wa kazini, bibi ana miaka 80 na kitu na nyumba yake ipo njiani wanapopita, akasema nije kwake. Nikaswali mapema, maana kiangazi alfajiri ya huku inaingia hata saa 10 haijafika, nikapanda baskeli. Kufika nikakuta mbele ya mlango kaweka ndoo mbili za plastiki zimejaa mpaka juu, moja ya bluu moja nyeupe, kila moja na kata yake, maji ya kuwamwagia wabebaji wakipita. Akanionyesha ile nyeupe, akasema hii yako.

Yani mama nilisimama pale nikashindwa kusema.

Ikaanza sauti kwa mbali, oisa, oisa, oisa, halafu watoto wadogo wakapita mbio na vibao vyao mkononi, halafu lami yenyewe ikawa inatetemeka miguuni. Bibi akaniambia sasa! Nikachota, kata ya kwanza ikaishia chini, ya pili ikampata mzee mmoja kifuani barabara, akanyanyua mkono akapiga kelele ya furaha, na migongo yao inatoa mvuke kama sufuria la wali ulilofunua sasa hivi. Yale maji ndo nguvu yao, bila maji mabega yanaungua. Na wanasema asili yake ni mwaka 1241, kulikuwa na maradhi mjini, basi mtawa mmoja wa Kibuda akabebwa juu ya jukwaa akapita mitaani ananyunyiza maji ya dua kuondosha balaa.

Hapo ndo nikawakumbuka nyie na Mwaka wetu, Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya hapo Makunduchi, watu kwenda kuoga, wanaume kupigana kwa migomba ili chuki za mwaka ziishe, kibanda cha makuti kuwaka moto na akina mama na nguo zao mpya wanaimba. Na bibi yetu alivokuwa akitwambia kukosa mgeni nyumbani siku ya Mwaka ni unyonge. Safari hii mgeni nlikuwa mie.

Baadae tukaenda kula udon, ni tambi nene za ngano kwenye supu ya moto. Ramen ya hapa supu yake ni mifupa ya nguruwe kwa hiyo mie siigusi, udon ndo chakula changu, na kila duka nauliza kwanza kilichomo, hawachoki kunijibu. Udon ya Hakata ni laini sana, haina ubishi mdomoni, ukizila unakumbuka tambi za futari ila hizi za chumvi, juu wanaweka mizizi ya gobo imekaangwa. Na yule yule mtawa wa maji ndo wanasema alirudi kutoka China na ujuzi wa kusaga unga, pale hekalu la Joten-ji kuna jiwe limeandikwa kwamba udon zilianzia hapo.

Jumapili iliofuata tukapanda feri Meinohama, dakika 10 tu tukawa kisiwa cha Nokonoshima, alizeti kilima kizima na bahari nyuma yake. Tumekula wali wa kufinyanga umefungwa mwani. Mwani mama! Sio huu mnaolima nyie, ule wenu unakwenda kutolewa ute wa kugandishia aiskrimu na dawa ya meno, lakini huku mwani ni mboga, upo kwenye supu asubuhi, upo kwenye siki, mtoto wa miaka miwili anautafuna. Nikawaambia wenzangu mama yangu analima mwani, anashinda majini mpaka kiunoni maji yanapokupwa, wakaweka vijiti chini wakataka niwaelezee kamba mnazifungaje. Nimeongea saa nzima.

Video za Mwaka bado sijazipata, mwambieni kaka azitume, hasa ya kibanda kinavyowaka, nimemuahidi yule bibi nitamuonyesha. Na boksi nimelipeleka posta jana, ndani mna mwani wa karatasi, bibi mpeni na wali wa moto, asiuweke karibu na dirisha utalainika.