Danio wawili kwenye bakuli ni mateso

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee samaki. Kwenye baadhi ya maduka ya samaki wa mapambo, mteja hufungiwa danio wawili, akaongezewa bakuli la mviringo la lita nane, kisha akaambiwa kila kitu kimekamilika. Ukweli ni kwamba hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Danio, yule mwembamba mwenye mistari ya buluu kuanzia kichwani hadi mkiani, ni samaki wa vijito vya India, Nepal na Bangladesh. Hazidi sana sentimita 5, lakini hatulii: huogelea mchana kutwa, tena kwa kwenda mbele, si kupanda na kushuka. Kwa hiyo pima urefu wa tangi kwanza. Tangi jembamba lililosimama kama kabati hupendeza sebuleni. Kwa danio ni kisima. Sentimita 60 ni kujibana. Tangi zuri ni la 90 kwa 35, lenye kina cha 40. Ukiliacha wazi sentimita 5 juu, linachukua lita 110, yaani kilo 110 za maji tu, bado kioo na kokoto. Meza ya mbao za maranda itapinda na kioo kitapasuka usiku. Mchomeleaji akutengenezee stendi ya chuma, na juu yake utandike stairofomu.

Sasa idadi. Wakiwa wawili, mbabe humkimbiza mwenzake hadi pembeni, na anayekimbizwa huacha kula. Wakiwa 8 au 10, ubabe hugawanyika na hakuna anayeonewa peke yake. Barbi wa Sumatra, samaki mwingine wa mapambo mwenye milia minne myeusi, ni mkorofi zaidi. Watatu wanne tu watanyofoa mapezi ya kila jirani. Waweke 10 wamalizane wenyewe kwa wenyewe, na hata hivyo usiwachanganye na samaki wenye mapezi marefu.

Danio hupenda maji ya nyuzi 20 hadi 25, hivyo miji yenye ubaridi kiasi kama Arusha huwafaa. Dar es Salaam wakati wa joto maji ya sebuleni hukaribia nyuzi 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Barbi huvumilia joto kuliko danio, lakini wote wanahitaji uso wa maji uchezechezwe na pampu. Elekeza mkondo wa filta kwenye urefu wa tangi. Utawaona wamejipanga wakipigana nao. Mimea ikae nyuma na pembeni. Funika kwa wavu, maana danio huruka.

Wengi huua samaki wiki ya kwanza kwa haraka. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao, na bakteria wa kwenye sponji ya filta huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo na makali sana. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana. Washa filta, tia punje chache za chakula kila siku bila samaki, zikioza zitoe amonia ya kulisha bakteria, na usiweke samaki mpaka kipimo kionyeshe amonia na nitriti ni sifuri. Ukipewa sponji iliyotumika kwenye tangi lenye afya, muda hupungua sana. Usiioshe kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria. Ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi. Kila wiki badilisha robo ya maji, ndoo moja na nusu ya lita 20, yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

Halafu umeme. Ukikatika, usiwalishe. Washa pampu ya hewa ya betri. Kama huna, chota jagi la maji na kuyamimina kutoka juu, mara kwa mara. Filta ya kopo lililofungwa ikizimika kwa saa nyingi, bakteria hufa ndani na maji yake huoza. Umeme ukirudi, ifungue uimwage kabla ya kuiwasha, la sivyo uozo wote unaingia kwa samaki kwa mkupuo.

Wenye maduka, mteja asiye na tangi muuzieni tangi na filta leo. Danio wake kumi mwekeeni, aje kuwachukua mwezi ujao.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Dar es Salaam