Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda na bajaji, Stendi ya Kange, Tanga

Wanangu, asalaam aleikum, na wasio Waislamu, amani iwe kwenu.

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Juzi alasiri kashuka mama kwenye basi, katoka Kasulu, Kigoma, mtoto mgongoni, kiroba cha dagaa mkononi. Hajakanyaga chini vizuri mmeshamzonga, huyu kashika begi, yule kashika kiroba, kila mmoja "twende mama, twende". Akasema, niacheni kwanza nimpigie mwenyeji wangu. Basi! Aliyeshika kiroba akaona kadharauliwa, akamtolea tusi nisiloweza kuliandika, akavuta. Kiroba kikapasuka, dagaa wakamwagika vumbini. Na wenzake pembeni wametoa simu, wanarekodi. Mama yule kaja kumuuguza dada yake aliyelazwa hospitali ya Bombo. Aliyefanya hivyo anajijua. Amtafute, amwombe radhi, amlipe dagaa wake.

Mnamfukuza nani, wanangu? Tanga hii imejengwa na wageni. Mkonge uliingia nchini 1893, na reli ikaanza kujengwa kutoka hapa Tanga mwaka huohuo. Mashamba yakajaa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali: Waha wa Kigoma, Warundi, Wangoni wa Songea, Wamakonde. Wengi hawakurudi kwao. Ulizeni majumbani mwenu, mtaambiwa yuko babu aliyefika hapa hamjui mtu, akakaribishwa uji na mtu asiyejua hata lugha yake. Mama wa Kasulu huenda ni shangazi yenu.

Kubwa linaloniudhi ni salamu. Siku hizi mtu hasalimiwi, anaulizwa "unakwenda wapi" kama mtuhumiwa. Msafiri amekesha njiani, miguu imevimba, ameonywa tangu kwao kuwa stendi kuna wezi. Ukimrukia, atakuogopa, hata uwe na moyo mweupe namna gani. Simama kando kidogo, mikono yako ikae kwako. "Shikamoo mama, pole na safari." Kisha nyamaza umsikilize. Akiuliza nauli ya Chumbageni au Raskazone, mtajie ileile unayomtajia mtu wa hapahapa Ngamiani. Akisema anamsubiri mwenyeji wake, mwonyeshe penye kivuli akae, uende zako. Yuko kijana hapohapo Kange, simtaji, anayefanya hivi kila siku. Abiria wanachukua namba yake, safari nyingine wanampigia wakiwa bado Segera. Nyinyi mnasema ana bahati. Bahati gani? Ana adabu!

Kuhusu hasira, Mtume (S.A.W.) ametufundisha: ukikasirika umesimama, kaa, isipokwisha, jilaze. Wewe zima pikipiki, shuka, nenda bombani ukanawe uso. Ukitukanwa usirudishe. Usiondoke na abiria hali moyo unachemka, utamuua na wewe ufe. Wenzako wakishikana mashati, weka simu mfukoni uwaamue. Mtu akikataa chombo chako hajakutukana, ana haki ya kuchagua.

Lakini nisiwaseme nyinyi peke yenu. Wamo wazee wenzangu barazani, tusi linapita mbele yao wanageuza shingo, wanaendelea na bao. Zamani kijana akitukana njiani, mzee yeyote alimkanya, na habari ilimtangulia nyumbani. Leo ukimkanya mtoto wa mtu, mama yake anakuja kukugombeza wewe.

Na nyinyi wenye pikipiki, hili ni lenu. Kijana anatoka alfajiri hata chai hajanywa, jioni hesabu, ile fedha anayowaletea kila siku, ikipungua elfu mbili mnamtishia kumnyang'anya chombo. Mvua ya masika ikinyesha kutwa, abiria hakuna, hesabu mnaitaka palepale. Mtu anayeishi kwa kitisho hicho anamwona abiria kuwa windo. Kaeni nao kabla masika haijaingia, mpange hesabu ya siku za mvua, muiandike na muiheshimu.

Ni mimi mzee wenu,
Ngamiani, Tanga