Tunaogopa kufungwa na lugha, tunafungwa na kadi

Ndugu Mhariri,

Vyuo na maabara zinapotafuta mitambo ya kukokotoa kwa kadi za GPU (kadi za michoro zinazofanya pia hesabu nzito), swali la kwanza huwa: tukiandika kwa Julia, lugha ya programu, au Kokkos, maktaba ya lugha ya C++, zana hiyo ikikosa watunzaji tutafanyaje? Swali ni halali, ila hatari kubwa haiko hapo. Zote mbili ni programu huria. Watunzaji wakiondoka, msimbo wa zana hizo unabaki mikononi mwako. CUDA, mfumo wa kuandikia programu za GPU uliotolewa na mtengenezaji wa kadi NVIDIA mwaka 2007 kwa kadi zake, inafunga lugha na chuma kwa pamoja. Ukiiandikia moja kwa moja, kila zabuni ijayo ina mshindi kabla haijatangazwa.

Kuhama kunawezekana. Zana ya AMD, mshindani wa NVIDIA, iitwayo hipify hubadili majina ya amri na maktaba: cudaMalloc huwa hipMalloc, cuBLAS huwa hipBLAS. Hapo ni rahisi. Vipande vya PTX, lugha ya ndani ya kadi za NVIDIA, lazima viandikwe upya kwa mkono.

Kibaya zaidi ni namba 32. Kadi za NVIDIA huendesha nyuzi (kazi ndogondogo zinazokwenda sambamba) kwa makundi ya 32. Kadi za AMD MI250X, zilizomo kwenye kompyuta kuu ya Frontier huko Oak Ridge, Marekani, huendesha 64. Kitanzi cha kujumlisha kinachoanza na hatua ya 16, yaani kilichopangwa kwa makundi ya 32, huku uzi wa kwanza tu wa kila kundi ukiandika jibu, kitaacha nje nusu ya namba kwenye kadi hizo za AMD. Programu haitakwama wala kutoa onyo. Jumla itatoka, nayo ni batili, na mtafiti anaweza kuichapisha.

Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuteni neno asm (linaloashiria vipande kama vya PTX) na namba 32 katika msimbo wote. Hesabu nzito zikae kwenye faili chache zilizotengwa. Kila badiliko lijaribiwe kwenye kadi za watengenezaji wawili, hata ya pili ikiwa ya kukodi kwa saa, na majibu yalinganishwe na ya CPU, kichakataji cha kawaida cha kompyuta, kwa ukomo wa tofauti uliowekwa mapema, kwani mpangilio wa kujumlisha desimali hubadilika na jibu hutofautiana kidogo. Pimeni na kasi: msimbo unaokubalika kote hauendi kwa mwendo uleule kote.

Wanaotumia PyTorch pekee, maktaba ya kufundishia mashine, wana nafuu. Toleo lake la AMD linatumia hata jina lilelile, torch.cuda.

Zabuni nayo iseme wazi: muuzaji aendeshe msimbo wa mnunuzi, si programu ya maonyesho aliyokuja nayo.

Mhandisi wa programu,
Dar es Salaam