Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima wa Miwa

Ndugu wanachama,

Ugawaji wa mbegu, palizi na ukarabati wa barabara za mashambani vilifanyika kama mlivyoona. Sitavirudia.

Kilichotugawa ni malipo kwa kiwango cha sukari badala ya uzito peke yake. Uamuzi huo niliusimamia, na bado nausimamia, pamoja na yote yaliyosemwa juu yangu. Muwa ukishakatwa, sukrosi, yaani sukari yenyewe ya muwa, huanza kuvunjika kuwa glukosi na fruktosi, ambazo kiwandani haziwi chembe za sukari. Miwa iliyochomwa ikilala shambani, bakteria huingia penye mikato na mipasuko na kutoa ute. Utomvu huwa mzito, na chembe hukawia kuumbika. Kwa mizani tu, aliyeleta miwa safi alilipwa sawa na aliyeleta vilele, majani na udongo. Udongo hula rola, yaani vyuma vinavyokamua miwa kiwandani. Rola zikilika, sukari hubaki kwenye makapi ya miwa iliyokamuliwa, na makapi hayo, ambayo ndiyo kuni za boila ya kuchemshia maji, hutoka na maji mengi, boila hukosa moto wa kutosha na mvuke hupungua. Hasara hiyo tuliibeba sote.

Kwa hiyo kateni usawa wa ardhi, ondoeni vilele, fikisheni miwa ndani ya saa 24.

Wanaopinga wanasema kiwanda ndicho kinachojipimia. Ndiyo maana nilipigania mwakilishi wetu awepo maabara sampuli inapopimwa, na nafasi hiyo tukaipata. Mikutano ya kumchagua haikufikia akidi, na wengi wa waliokosekana ndio wanaolalamika leo. Zaidi ya nusu yetu hatujalipa ada. Huyo mwakilishi atalipwa na nini?

Tani 100 za miwa hutoa takriban tani 10 za sukari, tani 30 za makapi, tani 3 hadi 4 za molasi (uji mzito mweusi unaobaki sukari ikishatolewa), na tope linalobaki utomvu ukichujwa, linalorudi shambani kuwa mbolea. Makapi huzalisha mvuke na umeme. Molasi hutoa spiriti na chakula cha mifugo. Vipuri vinavyochakaa kila msimu huwapa kazi wachomeleaji na wachonga vyuma. Nchi inayoanza kujenga viwanda hupata hapo nishati, kemikali na mafundi kwa mpigo, mradi miwa isikose kufika mlangoni pa kiwanda.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuzungumzia mgawo wetu katika molasi na umeme, na pengine kuongeza matrela.

Ada zimfikie mweka hazina kabla ya msimu wa kukata kuanza.

Mwenyekiti